Ramadhani, siku ya 8. Darasa la watoto: Umefunga nini?



Wazazi, darasa la leo ni la watoto. Wasomeeni kabla ya futari, ule wakati wanaouliza kila dakika kama adhana imekaribia. Kuanzia hapa naongea nao wenyewe.

Wanangu, mmoja wenu aliniuliza madrasa: "Ustadhi, mbona nasema nimefunga wakati hakuna kitu nilichofunga?" Swali zuri sana, maana neno hili lina kazi nyingi.

Hapa Nyasubi, jioni mwenye duka anafunga duka. Boda anafunga gunia la mpunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Kaka akioa, amefunga ndoa. Anayekwenda Geita amefunga safari, na hakuna kamba wala kufuli hapo. Mwizi amefungwa jela, na miaka aliyopewa inaitwa kifungo, neno lilelile la kifungo cha shati lako! Mnasikia pia wakubwa wakisema mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021. Hawana maana kwamba uliwekewa mlango. Kazi ya mgodi ndiyo iliyokoma. Na kwenye mpira ndiyo kabisa: ukisema "Yanga wamefunga", mmoja atauliza mangapi, mwingine atasema mashaallah, hata wachezaji wako kwenye swaumu.

Hata miezi yetu tunaihesabu kwa neno hili. Ramadhani ikiisha, Shawwal tunaiita Mfunguo Mosi, halafu Mfunguo Pili, hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, ndipo inakuja Rajabu. Maulidi mnayoyajua huwa Mfunguo Sita. Wengine hutamka Mfungo, msigombane.

Sasa sikilizeni. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Ramadhani ikiingia milango ya pepo hufunguliwa, milango ya moto hufungwa, na mashetani hufungwa minyororo. Kwa Kiarabu, kufunga mlango kuna neno lake, kufunga minyororo kuna neno lake, na kufunga kwetu sisi kuna neno lake la tatu: *sawm*. Kiswahili kimeyabeba yote matatu kwa neno moja. Ndiyo maana ulichanganyikiwa, mwanangu, si kosa lako. (Na kitunguu saumu hakihusiki kabisa na saumu ya Ramadhani. Hicho kwa Kiarabu ni *thum*, ni ndimi zetu tu zilizoyafananisha.)

Sawm maana yake ni kujizuia. Bibi Maryamu, mama yake Nabii Isa, katika Sura Maryam aya ya 26 aliamrishwa aseme kwamba ameweka nadhiri ya sawm, kwa hiyo siku hiyo hatazungumza na mtu. Yake ilikuwa ya ulimi. Yetu ni ya chakula na maji, tangu alfajiri mpaka magharibi, lakini ulimi haukusamehewa. Mtume (S.A.W.) amesema mtu akikutukana nawe umefunga, mwambie: mimi nimefunga. Kwa hiyo ukiulizwa umefunga nini, jibu unalo: nimejifunga mwenyewe, tumbo na mdomo pamoja.

Sasa nije kwenye neno lililoniudhi wiki hii: kobe. Kobe ni mnyama, mnamjua. Lakini mchana wa Ramadhani ni jina la kumcheka anayekula kwa kujificha, nadhani kwa sababu kobe naye huficha kichwa ndani ya gamba. Nimewasikia mkimwimbia mwenzenu "kobe, kobe" kwa sababu alishika chupa ya maji.

Mnajua ana nini? Ana selimundu. Kanda yetu hii ya Ziwa watoto wenye ugonjwa huo ni wengi. Mwili wake ukikosa maji, anaweza kupata maumivu makali ya mifupa mpaka alazwe. Qur'ani yenyewe, Sura Al-Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Na Sura Al-Hujuraat aya ya 11 imetukataza kuitana majina ya kejeli. Sasa niambieni, hapo ni mdomo wa nani uliofunguka mchana?

Halafu nyie wenyewe bado saumu haijawa faradhi juu yenu mpaka mbaleghe. Mnajizoeza. Masahaba walikuwa wakiwafungisha watoto siku ya Ashura, na mtoto akililia chakula walimpa mwanasesere wa sufi achezee mpaka muda wa kufuturu. Ameyasimulia haya Rubayyi binti Muawwidh. Walimpa kitu cha kuchezea, wazazi mnasikia? Mtoto wa miaka saba akishindwa saa nane mchana, mpeni chakula, msimwaibishe mbele ya wageni. Mkimchapa, kesho atakunywa maji chooni na kuja kuwaambia amefunga.

Kazi ya leo: andika sentensi tano za neno "funga", kila moja na maana yake, na zile nilizotaja mimi hazihesabiwi. Leteni madrasa kesho baada ya Alasiri.

Wale walioimba "kobe", nyie sentensi nimewasamehe. Kabla ya Tarawehe nendeni kwa mwenzenu mkamwombe radhi, na mumpelekee tende.

Futari njema.