Viungo vya Hadithi: Somo kwa Mfano wa Kima na Papa

Wanafunzi wengi wameyahifadhi majina ya viungo vya hadithi: wahusika, mandhari, msuko, mgogoro, msimulizi na dhamira. Lakini wapewapo hadithi wasiyopata kuisoma, wakaambiwa wavionyeshe viungo hivyo, husita. Sababu ni kwamba wamejifunza majina mbali na hadithi yenyewe, kama mtu aliyefundishwa majina ya vyombo vya seremala asishike randa hata siku moja. Katika somo hili tutachukua hadithi moja fupi, tuitazame kiungo baada ya kiungo.

HADITHI YENYEWE

Kima mmoja alifanya urafiki na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu kando ya bahari, na kila siku alimtupia papa matunda. Baada ya siku nyingi papa alimwalika rafiki yake aende kwao kutembea, akamchukua mgongoni. Walipofika katikati ya bahari, papa alimweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasikitika kuwa hakuambiwa mapema, kwa maana kima wasafiripo huiacha mioyo yao mitini. Papa akamrudisha pwani ili auchukue. Kima akaruka mtini, akakataa kushuka.

Papa alipozidi kumwita, kima alimjibu kuwa yeye si punda wa dobi, akamsimulia habari za punda huyo. Sungura alimvuta punda kwa maneno matamu mpaka kwa simba. Simba akamrukia, lakini punda akaponyoka. Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu mengine. Punda akarudi, na mara hii akauawa. Sungura akaula moyo na masikio kwa siri. Simba alipoviuliza, sungura alisema kuwa mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio. Kama angalikuwa navyo, asingalirudi mara ya pili.

Edward Steere, aliyekuwa mmisionari Unguja, aliiandika hadithi hii kama alivyosimuliwa na wenyeji, akaichapisha mwaka 1870.

1. WAHUSIKA

Wahusika ni wale watendao na kutendewa katika hadithi, wawe watu au wanyama. Usitosheke kuwaita wema au wabaya. Mtazame papa: alikula matunda ya rafiki yake siku nyingi, tena alimtii sultani wake. Amevutwa huku na huku. Wala hakungoja kufika ndipo aseme. Alimwambia kima mambo yote wakiwa njiani. Swali la kujiuliza ni hili: mhusika huyu ataka nini, na yuko tayari kutoa nini ili akipate?

2. MANDHARI

Mandhari ni mahali na wakati wa mambo yasimuliwayo. Hadithi hii imesafiri mbali. Katika Panchatantra ya Bara Hindi mnyama wa majini ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu karne ya 8, ni kasa. Ilipofika pwani yetu akawa papa. Mandhari yamebadilika, lakini kazi yake ni ile ile: kima hawezi kuogelea, na akiwa katikati ya maji hana pa kukimbilia. Basi mandhari si pambo. Uliza: kama jambo hili lingalitokea mahali pengine, je, lingaliwezekana?

3. MGOGORO NA MSUKO

Mgogoro ni kushindana kwa matakwa mawili yasiyoweza kutimizwa pamoja. Sultani ataka moyo, na kima ataka uhai. Msuko ni mpango wa matukio, moja likizaa jingine: urafiki ulizaa mwaliko, mwaliko ukazaa hatari, hatari ikazaa hila. Pale ambapo mambo yamekaza kabisa, nasi hatujui yataangukia wapi, huitwa kilele. Hapa kilele ni wakati papa anapoisikiliza hila ya kima, naye hajageuka.

Si lazima msuko ufuate kalenda. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, mtu hukutwa amekwisha kufa, na ni juu ya mpelelezi Bwana Msa kurudi nyuma kutafuta yaliyotangulia.

4. MSIMULIZI

Msimulizi ni yule ambaye kwa sauti yake tunapata habari. Yeye si mwandishi. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, Adili mwenyewe anamweleza mfalme mabaya aliyotendewa na ndugu zake wawili. Twamwamini, lakini msomaji mwangalifu hujiuliza kama ndugu wale wangaliyasimulia vivyo hivyo.

Katika hadithi yetu wasimulizi ni wawili. Wa kwanza hatumjui jina, na hayumo katika mambo yenyewe. Wa pili ni kima, naye anasimulia akiwa na haja yake: ataka papa aache kumwita. Kila upatapo msimulizi, uliza anasema na nani, na atapata nini akisadikiwa.

5. DHAMIRA

Dhamira ni fikira kuu iliyo ndani ya hadithi. Wengi wataandika kwamba dhamira hapa ni kuwa marafiki wabaya ni hatari. Si kosa, lakini ni nusu tu. Tazama tena: papa alidanganywa kwa hadithi, ile ya mioyo iliyoachwa mitini. Punda alikufa kwa kusadiki hadithi za sungura. Kima naye aliokoka kwa kuwa alijua kutunga hadithi, tena alijua kupima hadithi aambiwayo. Moyo na masikio ni ishara: masikio ni ya kusikia, na moyo ni wa kupima yaliyosikiwa. Punda alikuwa navyo vyote viwili, lakini hakuvitumia.

Ndiyo sababu somo hili si la mtihani peke yake. Anayekuuzia shamba, anayekuomba kura, anayekuletea habari za jirani yako, wote wanakusimulia. Wana wahusika wao, wema na wabaya. Wana mahali walipoanzia, na mahali walipoparuka. Aliyezoea kuuliza maswali haya kitabuni atayauliza na sokoni.

MASWALI

1. Chagua ngano moja uliyosimuliwa nyumbani. Andika kwa sentensi moja kila mhusika mkuu ataka nini.
2. Isimulie ngano hiyo tena kwa sauti ya yule aliyeshindwa. Ni jambo gani limebadilika, na ni lipi limebaki?
3. Je, papa alimsaliti rafiki yake, au alikuwa mtumishi mwaminifu? Jibu kwa kutaja matukio ya hadithi, si kwa maoni matupu.