SOMO LANGU NA SOMO YANGU

Muhula uliopita tuliandika insha, kisha tukabadilishana vitabu ili tusahihishane. Mimi nilikuwa nimeandika, "Somo yangu ni Mtakatifu Kizito." Jirani yangu wa dawati hakusita. Alikata "yangu", akaandika "langu" kwa wino mwekundu, na chini akaongeza, "Ngeli, bwana!"

Kwa ngeli ya LI-YA alikuwa sawa kabisa. Somo la Hisabati ni somo langu, masomo yangu. Lakini mimi sikuwa naandika juu ya somo la darasani. Nilikuwa naandika juu ya mtu.

Huko Pwani, somo ni wajina, yaani mtu mwenye jina kama lako. Tena ni rafiki wa siri, hasa baina ya wanawake, na ndiye pia mwanamke anayemfunza mwari mambo ya utu uzima. Neno hili likimhusu mtu hufuata A-WA: somo amefika, somo anakuita. Ila katika kumiliki husemwa somo yangu, kama vile rafiki yangu au shoga yangu. Basi Wakatoliki wengi wakalichukua: yule mtakatifu ambaye ulipewa jina lake katika ubatizo au kipaimara ndiye somo yako. Wengine husema msimamizi. Nyanya yangu, ambaye amezeekea Changamwe, hasemi msimamizi hata siku moja. Anasema msimamizi ni wa vibarua.

Sasa huyu somo yangu ni nani? Kizito alikuwa mvulana wa miaka kama 14, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Alikuwa akijifunza dini ila hajabatizwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, mkubwa wao Karoli Lwanga alimbatiza kwa siri pamoja na wenzake wachache, maana walijua kukipambazuka kuna hukumu. Tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka huo ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana, walizungushiwa mikeka ya matete wakachomwa moto Namugongo. Katika moto ule walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana pia, jambo ambalo watu husahau. Mashahidi Wakatoliki 22, ambao si wote walikufa siku hiyo, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964.

Husimuliwa kwamba Lwanga alimwahidi kijana huyu kuwa saa ikifika atamshika mkono. Hapa ndipo mimi hukwama kila mara. Kwa sababu walipofika Namugongo, Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kabla yao. Mkono ule haukuwapo. Kizito alikwenda bila huo mkono.

(Na jambo moja la kuwafurahisha wanachama wa chama chetu: Waganda waliwaita Wakristo hao abasomi, yaani wasomaji, kwa vile kuingia dini kulianza na kujifunza kusoma. Hata leo kwa Kiganda okusoma ni kusoma kitabu na pia ni kusali.)

Turudi kwenye sarufi. Bwenini kwetu kuna mwenzangu wa kanisa jingine, kijana mzuri tu, lakini akiniona na picha ya Kizito ndani ya kitabu haniachi. "Nyinyi mnaabudu wafu!" Siku moja nikamwambia akae chini tufanye Kiswahili kidogo. Kuabudu ni neno la asili ya Kiarabu, na ndani yake mna utumwa: anayeabudu anajifanya mtumwa wa anayemwabudu. Hilo ni la Mungu pekee. Kuomba ni neno jingine. Jana uliniomba chumvi, je, uliniabudu? Akacheka, lakini hakukubali. Nikamwambia asikilize litania kanisani kwetu. Anapotajwa Mungu, watu hujibu "utuhurumie". Wanapotajwa watakatifu, jibu ni "utuombee". Ile -e- iliyoingia katikati ya omba ikawa ombea ndiyo yenye kazi yote. Omba: wewe mwenyewe unanyoosha mkono. Ombea: mwingine ananyoosha mkono kwa ajili yako. Kama mama yako anavyokuombea, au kama wenzako wa kanisani wanavyokuombea ukiwa mgonjwa.

"Lakini huyo ni maiti," akasema. Hapo si sarufi tena, ni imani, tukaachana kwa amani. Sisi twaamini kwamba aliye kwa Mungu yu hai. Yeye anaamini vingine.

Ila haki isemwe, mara nyingine sisi wenyewe ndio tunaoharibu. Mwaka jana nilifanya novena ya Kizito, yaani sala ya siku tisa, kuanzia tarehe 25 Mei hadi 2 Juni, ili kesho yake iwe sikukuu. Mtihani wa Hisabati ulikuwa wiki hiyo hiyo. Kila jioni nilisali, kitabu cha Hisabati sikukigusa. Siku ya mtihani nikaingia na mwakenya ndani ya soksi. Na pale mlangoni, msomaji, sala yangu ilikuwa kwamba somo yangu aniombee msimamizi asiione! Nikamwomba mvulana ambaye angeweza kuokoa maisha yake kwa neno moja la uongo, na hakulisema, anisaidie kuficha kikaratasi.

Sijui kama ni woga au ni nini, lakini soksi sikuigusa. Nilipata alama 31 kwa mia.

Likizo nilimweleza nyanya yote, nikitarajia pole. Akaniuliza, "Ulimwomba akuombee, au ulimwomba akufanyie?" Sikuwa na jibu. Ombea na fanyia, zote ni kauli ya kutendea. Nimezikariri tangu Kidato cha Kwanza, na sikuwahi kuziona hivyo.

Siku hizi sala yangu ni fupi. Namwambia tu kwamba yeye anajua ilivyo mtu kusimama peke yake mkono alioahidiwa ukiwa haupo. Kisha nafungua kitabu. Mtihani uliofuata nilipata 44, na hizo zote ni zangu.

ZOEZI. (a) Tunga sentensi mbili, moja ukitumia "somo langu" na nyingine "somo yangu", maana zitofautiane. (b) Eleza tofauti: Alimwomba mwalimu; alimwombea mwalimu; waliombeana. (c) Uliza nyumbani jina lako ulipewa kwa ajili ya nani, awe mtakatifu, babu au jirani, uandike aya moja juu ya huyo somo yako. Majibu yamfikie katibu wa chama kabla ya kufunga shule.