KUJIANDAA KUTAFUTA KAZI YA KWANZA YA UALIMU

Utangulizi

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote wa Tanzania ifikapo 1977, walimu walihitajika kwa haraka mno. Katika miaka ile, na mingi iliyofuata, mwanachuo aliyefaulu alisubiri kupangiwa kituo. Kazi ndiyo iliyomtafuta mwalimu. Leo mambo yamegeuka. Nafasi za Serikali hutangazwa, maombi hupelekwa kwa mtandao, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Shule za binafsi nazo humchagua zimtakaye. Kwa sababu hiyo, kutafuta kazi ni somo ambalo hatuna budi kujifunza tungali chuoni.

1. Hati na barua

Jina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha Taifa halina budi kuwa moja. Aliyeandikwa Mwajuma katika cheti kimoja na Mwanajuma katika kingine alirekebishe kisheria mapema, asingoje tangazo la nafasi litoke.

Barua ya maombi iwe fupi. Itaje nafasi inayoombwa, sifa za mwombaji, na jambo moja au mawili aliyoyatenda. Kujiita “mchapa kazi hodari” hakumwonyeshi mtu. Afadhali aeleze jinsi alivyoligawa darasa la wanafunzi 90 katika vikundi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na jinsi alivyowasaidia waliokuwa nyuma katika kusoma.

2. Usaili

Katika zoezi moja la usaili tulilofanya na wanachuo wetu, tuliwataka wawili waonyeshe namna ya kufundisha Darasa la Pili kutoa 27 katika 52. Wa kwanza alianza kwa kueleza maana ya kutoa, akaandika kanuni ubaoni, akaisoma mara mbili. Wa pili aliomba vijiti. Alifunga vitita vitano vya vijiti kumi kumi, akabakiza vijiti viwili, kisha akatuuliza: “Nataka vijiti saba, nami ninavyo viwili tu. Nifanyeje?” Tulipomjibu afungue kitita kimoja, akapata vijiti kumi na viwili, akaondoa saba, vikabaki vitano. Katika vitita vinne vilivyosalia akaondoa viwili. Jibu, yaani 25, lilikuwa mezani mbele ya macho yetu.

Wote wawili walilijua jibu, lakini wa pili peke yake ndiye aliyefundisha. Tunajifunza hapa kwamba maandalizi ya usaili hayaanzi siku barua ya wito ifikapo. Kila andalio la somo tuliandikalo vizuri, na kila zana tuitengenezayo kwa mikono yetu, ni sehemu ya maandalizi hayo. Yafaa kuvihifadhi pamoja na maoni ya wakufunzi waliotukagua.

3. Wakati wa kungoja

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Wako wahitimu wangojao miaka kadhaa, na ufundi usiotumiwa huchakaa kama jembe lililoachwa mvuani. Kujitolea katika shule ya karibu husaidia kuulinda ufundi huo. Hata hivyo, mhitimu akubaliane na mwalimu mkuu kwa maandishi juu ya vipindi, muda na posho, kama ipo, ili moyo wake wa kujitolea usigeuzwe kuwa utumwa. Asiyeweza kujitolea, kwa kuwa anahitaji chakula, asione haya kulima au kuuza duka. Watoto watatu wa jirani wanaojifunza kusoma jioni barazani watamweka katika kazi yake.

Ajihadhari pia na wanaodai fedha ili “wamsaidie” kupata nafasi. Kuomba kazi Serikalini hakulipiwi. Anayeuza nafasi huuza asichokuwa nacho.

Hitimisho

Kukosa nafasi mara ya kwanza si ushahidi kwamba mtu hafai kuwa mwalimu. Lakini nafasi ikifika na kumkuta amesahau kufundisha, watakaopata hasara ni watoto.

Maswali ya kujadili

1. Andika barua ya maombi isiyozidi ukurasa mmoja. Mwenzako apige mstari chini ya kila sentensi ambayo mwombaji yeyote angeweza kuiandika.
2. Onyesheni kwa zamu, kwa dakika kumi, namna ya kufundisha mada moja ya Darasa la Kwanza kwa kutumia vitu vinavyopatikana uwanjani.
3. Je, ni masharti gani mhitimu ayaweke kabla ya kukubali kujitolea shuleni?