Video za Ngono na Ukatili kati ya Wapenzi

Video za ngono hutengenezwa ili ziuzwe. Waigizaji hulipwa, matukio hukatwa na kuungwa, na kinachomzuia mtazamaji asihamie kwingine ndicho kinachorudiwa. Zamani kuzipata kulihitaji kanda ya kuazima au kiingilio cha kibanda umiza usiku. Sasa bando la bei ndogo linatosha, na vijana wengi huziona kabla hawajawa na mchumba. Si zote zenye ukatili. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliochambua vipande 304 vya filamu zilizopendwa sana sokoni, ulikuta karibu vipande tisa katika kila kumi vina vitendo vya kuumiza mwili: kuchapa makalio, kupiga makofi, kupalia koo, kuvuta nywele. Waliotendewa hivyo karibu wote walikuwa wanawake, na wengi walionyeshwa wakifurahia au wametulia kana kwamba halikutokea jambo.

Hilo la mwisho lina madhara zaidi kuliko utupu wenyewe. Kijana hujifunza kwamba mwanamke akiumizwa hufurahi, na kwamba akinyamaza amekubali. Zamani, kule Pwani, bi harusi alifundwa na kungwi au somo, na mvulana alifundwa jandoni. Mafunzo hayo yalikuwa na kasoro zake, na mengine yalimfunza mke kuvumilia kila kitu, lakini angalau mwalimu aliweza kuulizwa swali. Katika video watu hawaulizani, hawakatazani, na hakuna anayesema leo nimechoka.

Je, video ndizo zinazoleta kipigo?

Watafiti hawajakubaliana. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliounganisha tafiti 22 za nchi saba ulionyesha kwamba wanaotazama zaidi ndio pia wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kutumia maneno ya kulazimisha au nguvu katika ngono, wanaume kwa wanawake. Watafiti wengine waliopitia ushahidi upya mwaka 2020 waliona uhusiano huo ni dhaifu. Tafiti nyingi za aina hii haziwezi kutenganisha chanzo na matokeo, kwa kuwa mtu mkatili huenda ndiye anayezitafuta video za ukatili. Maelezo yanayoshawishi zaidi ni ya mwanasaikolojia Neil Malamuth wa Marekani: hatari huongezeka hasa kwa mwanamume ambaye tayari ana uhasama na wanawake na anaona ngono kuwa ushindi. Kwa mtu wa namna hiyo, video humpa mtindo wa ukatili na kisingizio chake.

Neno kisingizio linastahili kukaziwa. Katika vikao vya familia husikika kwamba mume ameharibiwa na simu. Simu hulaumiwa, aliyepiga huombewa msamaha, na mke hurudishwa nyumbani kulekule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kufikia mwaka 2018 asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza walikuwa wamepigwa au kulazimishwa ngono naye. Wapo walioumizwa katika nyumba ambazo video hizo hazikuwa na nafasi yoyote, kwa sababu ya wivu, pombe, ugomvi wa pesa, au imani kwamba mke ni mali. Mwanamume naye huweza kuumizwa na mwenza wake, na aibu ndiyo inayomnyamazisha.

Sura za ukatili huu

Ukatili unaohusiana na video huanza mara nyingi kwa shinikizo. Mwenza hulazimishwa kutazama, au kuiga alichokataa, mara nyingi tendo la kinyume cha maumbile. Akikataa hulinganishwa na waigizaji, hununiwa, hunyimwa pesa ya matumizi, au hutishiwa kuachwa. Ridhaa inayopatikana kwa vitisho si ridhaa, hata kwa wanandoa, na aliyekubali jana anaweza kukataa leo.

Kukaba koo kunahitaji onyo la pekee, maana vijana wengi sasa hukuona kuwa mchezo wa kimapenzi. Mishipa ya shingo ikibanwa, mtu hupoteza fahamu kwa sekunde kama 10, na akiendelea kubanwa hufa kwa dakika chache. Hakuna namna salama ya kukaba. Mara nyingi ngozi haionyeshi alama yoyote. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, vidoa vyekundu machoni, kizunguzungu, kujikojolea au kutokumbuka kilichotokea ni dalili za kumpeleka mtu hospitali siku hiyohiyo, kwani mshipa uliojeruhiwa unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Pale mwenza anapokaba kwa hasira, hatari ni kubwa zaidi: utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenza wake ana uwezekano mara saba na zaidi wa kuja kuuawa naye.

Sura nyingine ni kamera. Kumrekodi mwenza kwa siri, au kuhifadhi picha zake za utupu na kutishia kuzivujisha akiondoka, ni njia ya kumfunga asitoke. Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inampa anayesambaza picha za namna hiyo faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Tanzania, kuchapisha picha za ngono mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyetishiwa asifute ujumbe. Autunze pamoja na tarehe na namba iliyoutuma. Jamaa wanaopokea picha hizo na kuzipeleka kwenye kundi la familia ili watu wajionee nao wanatenda kosa.

Kutazama kwa siri pasipo kumlazimisha mtu si ukatili, ingawa kunaweza kuvunja uaminifu. Hilo huzungumzwa mchana, watu wametulia, si kitandani. Mtu aliyeshindwa kujizuia kwa miezi mingi hata kazi na ndoa vikaharibika anaweza kuwa na tatizo la kiafya linalotambuliwa katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na husaidiwa kwa ushauri nasaha. Kuona aibu ya kidini peke yake hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. Lakini nyumba ambayo mmoja anaogopa kufungua mdomo asipigwe haiponywi kwa mazungumzo wala kwa kusuluhishwa na wazee. Kwanza atafutiwe usalama.

Msaada

Aliyelazimishwa ngono afike kituo cha afya mapema, ndani ya saa 72, ili aanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazomezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku tano, na hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vingi vya polisi, nako ndiko inakotolewa fomu ya polisi ya PF3. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyo katika baadhi ya hospitali, kama Mnazi Mmoja ya Unguja, huweka daktari, polisi na mshauri mahali pamoja.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake, hata mila ikisema vinginevyo. Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja pia ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mahakama inaweza kumwamuru mkatili akae mbali. Namba ya bure ya msaada huko ni 1195, na ya watoto, Kenya na Tanzania, ni 116.