Mafunzo Niliyopata Nikiwasaidia Watoto Kuchagua Mradi wa Sayansi

Nilistaafu ualimu hapa Mwanza nikiwa na kabati lililojaa madaftari ya miradi ya wanafunzi. Wiki hii nimeyasoma upya, na kurasa zinazonisumbua ni zile ambazo nilikosea mimi, si mtoto. Kama una mwanafunzi anayetaka kusimama mbele ya majaji, iwe shuleni kwake au kwenye maonyesho ya taifa ya Young Scientists Tanzania yanayofanyika tangu 2012, makosa yangu na yakufae.

1. Swali litoke kwa mtoto

Mradi wa kwanza niliopeleka kwenye maonyesho ulikuwa mlima wa volkano. Udongo niliufinyanga mimi, siki na magadi nilileta mimi, na mwanafunzi wangu wa darasa la sita akakariri maelezo niliyoandika mimi. Povu likapanda, watu wakapiga makofi. Kisha jaji, mama mmoja mpole, akainama akamwuliza: "Wewe ulitaka kujua nini?" Mtoto akanigeukia. Hakukuwa na kitu alichotaka kujua.

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa na swali lake. Aliishi mlimani, katikati ya yale mawe makubwa ambayo kila mgeni wa Mwanza huyapiga picha, na aliwahi kuniuliza kwa nini mwamba wa nyuma ya nyumba yao unabanduka magamba kama kitunguu. Nilimwambia tutafika huko. Hatukufika.

Siku hizi simpi mtoto orodha ya mada. Nampa daftari dogo la kubeba mfukoni, aandike kwa wiki mbili kila "kwa nini" inayomjia njiani, sokoni au jikoni. Swali linalojirudia mara ya tatu ndilo tunalokaa nalo mezani.

2. Badilisha kitu kimoja tu

Binti mmoja, mama yake mwanika dagaa, alitaka kujua kama dagaa wa kwenye chanja hukauka haraka kuliko wa mchangani. Nilifurahi sana, maana swali lilikuwa lake, lina faida nyumbani kwao, na linapimika kwa mizani ya duka. Tulianika asubuhi, tukapima kila saa. Ajabu, mchanga ukashinda.

Nilianza kutunga maelezo kuhusu joto la mchanga wa ufukweni. Mama yake alipofika akatazama chanja, akasema kwa upole: "Mwalimu, hawa mmewarundika." Kweli. Mchangani tulikuwa na nafasi tele tukawatandaza dagaa mmoja mmoja. Kwenye chanja chetu kidogo walilaliana. Tulidhani tunapima mahali pa kuanikia, kumbe tulikuwa tunapima unene wa tabaka. Tulirudia kwa uzito uleule, eneo lilelile, jua lilelile, na safari hiyo chanja kikatangulia, kwa kuwa upepo ulipita juu na chini.

Kabla ya kuanza, mwambie mtoto ataje kwa sauti kila kitu kitakachobaki vilevile. Akikwama kwenye orodha hiyo, mradi bado haujaiva. Na kama kuna mtu mzima anayeifanya kazi hiyo kila siku, mwite mapema. Mimi nilimwita mtaalamu wangu siku ya mwisho, wakati nyumba yake ilikuwa hatua mia kutoka shuleni.

3. Hesabu siku

Mvulana wa Igombe alitaka kuonyesha jinsi mbalamwezi inavyopunguza dagaa. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, wengi hupumzika. Alipanga kuhesabu sado zilizoshushwa mwaloni kila alfajiri. Mradi mzuri kabisa, ila nilimruhusu kuanza zikiwa zimebaki wiki tatu. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Alifika kwenye maonyesho na kipande cha mzunguko mmoja, na jaji akamwuliza atajuaje kama haikuwa bahati. Alihitaji mizunguko miwili, ikiwezekana mitatu.

4. Usiwaingize majini

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Asubuhi nilichora ubaoni mzunguko wa kichocho: konokono, vijidudu vinavyotoka ndani yake mchana, ngozi ya binadamu vinamopenya. Siku hiyohiyo jioni niliwapeleka watoto kukusanya konokono ziwani, miguu mitupu, maji magotini. Niliona somo na ziwa kama vitu viwili tofauti. Tuliwapeleka kupimwa, na waliohitaji wakapewa dawa, lakini wazazi wao hawakuwa wamenikabidhi watoto kwa ajili hiyo.

Mradi wa ziwani unafanyika bila mtoto kukanyaga maji: ndoo yenye kamba kutoka gatini, upawa wenye mpini mrefu, glavu. Isipowezekana hivyo, tafuteni mradi mwingine.

5. Ilinde namba usiyoitarajia

Mwanafunzi wa kidato cha pili alisafisha maji ya tope ya Mto Mirongo kwa mbegu za mlonge zilizosagwa. Aliweka mbegu 1, 2, 4 na 8 kwa kila lita, kisha akapima kina ambacho herufi zilizowekwa chini ya chombo bado zinasomeka. Maji yaliendelea kung'aa hadi mbegu 4. Kwenye mbegu 8 ukungu ulirudi. Nilimwambia amekosea kupima, nikaikata namba ile kwa kalamu nyekundu.

Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba protini za mlonge zina chaji chanya na chembe za udongo zina chaji hasi. Zikilingana, chembe hushikana na kuzama. Mlonge ukizidi, chembe hufunikwa na kuanza kusukumana, zikabaki zinaelea. Alikuwa amegundua kiwango cha dawa, jambo la maana kuliko yote katika mradi wake.

Nilipaswa kumkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, hadi akamwuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja katika jarida la Physics Education. Wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo hilo, na linaitwa kwa jina lake.

Daftari la mlonge liko mbele yangu ninapoandika. Mstari wangu mwekundu bado unaonekana. Pembeni yake, kwa penseli, kwa herufi ndogo ambazo sikuziona wakati ule, kijana ameiandika tena namba yake, na chini yake: "Nimerudia mara tatu."