Picha Isiyo na Sura ya Kitu

Muhula huu nimebandika nakala tano za picha katika ukuta wa chumba cha sanaa, na tangu siku hiyo naulizwa swali lile lile: "Mwalimu, hii ni picha ya nini?" Mzee mmoja aliyekuja siku ya wazazi alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole kwamba mtoto haletwi shule ili afundishwe kuchafua karatasi. Maneno yake yanastahili jibu, nami najaribu kulitoa hapa.

Picha tulizozizoea huwa na kitu ndani yake: mtu, ng'ombe, jahazi, mlima. Mchoraji wa sanaa dhahania huiacha sura ya kitu, akabakiza rangi, mstari na umbo, akataka hivyo vitatu peke yake vifanye kazi. Msidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mwanamke anayesuka mkeka huchovya ukindu katika rangi, akapanga nyekundu kando ya zambarau, wala hakuna anayemwuliza mapambo yale ni sura ya nini. Twautazama mkeka tukasema rangi zimekaa vizuri, au hazikukaa. Kilichokuwa kipya huko Ulaya, yapata mwaka 1910, ni kuthubutu kutundika kazi ya namna hiyo ukutani, mahali palipozoea kukaa picha ya mfalme.

Wassily Kandinsky alizaliwa Moscow mwaka 1866, akasomea sheria. Mwaka 1896 aliona katika maonyesho picha ya Mfaransa Claude Monet, iliyoonyesha lundo la nyasi kavu shambani. Hakutambua kwamba ni nyasi mpaka aliposoma kijitabu cha maelezo. Lakini rangi zake zilikuwa zimekwisha kumshika. Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 30, aliiacha sheria akaenda Munich, Ujerumani, kujifunza uchoraji. Alipenda sana muziki. Sauti ya zumari haionyeshi sura ya kitu chochote, na hata hivyo yaweza kumtia mtu huzuni au furaha. Basi kwa nini rangi isiweze? Tazameni nakala ya kwanza, iliyo karibu na mlango: mistari inarukaruka, buluu na njano zinagongana, na rula haikuguswa.

Kwa miaka mingi vitabu vilimwita Kandinsky mtu wa kwanza katika kazi hii. Vilimsahau Hilma af Klint, mwanamke wa Sweden, aliyeanza kuchora picha za jinsi hii mwaka 1906. Aliagiza zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kufa kwake. Alikufa mwaka 1944, na ilikuwa mwaka 1986 ndipo zilipoingia katika maonyesho makubwa, huko Los Angeles.

Namna ya pili ni ya rula, na hapa nataka tukae kidogo. Piet Mondrian, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1872, alianza kama sisi sote, kwa kuchora miti na vinu vya upepo. Yapata mwaka 1908 alichora mti mwekundu, nao ni mti dhahiri, una shina na matawi. Mwaka 1911 akachora mti wa kijivu: matawi yamekuwa mapinde, na nafasi kati ya tawi na tawi ina nguvu sawa na tawi lenyewe. Mwaka 1912 akachora mtofaa uliochanua. Asiyeambiwa jina la picha hiyo hataona mti kabisa, ataona mistari inayopindana tu. Kila mara aliondoa kitu kimoja, akatazama kama picha bado inasimama. Mwisho wake, baada ya mwaka 1920, alibaki na mistari myeusi ya wima na ya mlalo, rangi nyeupe, na vipande vya nyekundu, njano na buluu.

Fanyeni jaribio hili. Funika kwa kiganja kile kipande chekundu katika nakala ya pili. Picha yote inaegemea upande mmoja, kama mzani ulioondolewa jiwe. Mondrian alikuwa mkali juu ya jambo hili hata akaachana na rafiki yake Theo van Doesburg, ambaye alitaka kutumia mistari ya mshazari. Wanafunzi hucheka nikiwaambia. Lakini fundi mwashi hatacheka. Yeye anajua mstari mmoja uliopinda hufanya nini ukutani.

Katika Urusi, Kazimir Malevich alikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Desemba 1915, katika maonyesho ya Petrograd, alitundika mraba mweusi juu ya rangi nyeupe, akauweka juu kabisa pembeni mwa chumba, mahali ambapo Warusi huweka picha takatifu nyumbani. Watu wengi walikasirika. Baadaye serikali ya Stalin ilitaka picha za wafanya kazi na mavuno tu. Malevich alitiwa kizuizini mwaka 1930, na katika miaka yake ya mwisho alichora watu wenye sura kamili; lakini katika picha yake mwenyewe ya mwaka 1933, mahali pa kutia sahihi, aliweka mraba mdogo mweusi. Ujerumani nako, mwaka 1937, serikali ya Hitler ilizikusanya picha za aina hii Munich, za Kandinsky zikiwamo, ikazionyesha kwa watu ili zichekwe. Nampa mzee wangu jambo hili alifikiri: wenye nguvu kiasi kile waliogopa nini katika mraba?

Baada ya vita kazi kubwa ilihamia New York. Jackson Pollock, tangu mwaka 1947, alitandaza kitambaa sakafuni, akakizunguka huku akidondosha rangi kwa kijiti. Picha yake moja ya mwaka 1950 ina upana unaopita mita 5. Nakala ndogo kama yetu haimtendei haki. Mark Rothko, kinyume chake, alipaka mistatili miwili au mitatu yenye kingo zilizofifia, rangi nyepesi juu ya rangi nyepesi, hata picha ikaonekana kama inatoa mwanga kwa ndani. Mimi nampenda Rothko kuliko wote, ingawa watoto wa kidato cha kwanza humpita bila kugeuza shingo.

Husemwa kwamba hata mtoto angeweza. Kupaka mraba, naam, angeweza. Lakini kila mwanafunzi aliyewahi kuandika ufupisho anajua kwamba kuandika maneno 60 kutoka katika kifungu cha maneno 300 ni kazi ngumu, kwa sababu yapasa kujua lipi liondolewe na habari isife. Hilo ndilo ninalowafundisha watoto wenu, Alhamisi, vipindi viwili.

Kazi ya muhula huu ni hii. Chukua karatasi nne. Katika ya kwanza chora mti wowote wa uani kama unavyouona. Katika ya pili acha majani yote. Katika ya tatu chora nafasi zilizo kati ya matawi tu. Katika ya nne tumia mistari isiyozidi kumi na rangi mbili. Leteni zote nne, si ile ya mwisho peke yake, nami nitazibandika chini ya Mondrian. Rangi zipo kabatini; brashi zioshwe kabla hazijakauka.