Kiambishi -wa- na Tamati -ni katika Lugha ya Kukaribisha

1. Tatizo

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, kikaungana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwenye mpaka wa Rusizi I, ambapo daraja la mto Rusizi huunganisha upande wa Cyangugu na mji wa Bukavu, kilikuwa kikitumika muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Hivyo, mwalimu wa eneo hili huwafundisha watu ambao tayari wanakisema. Kazi yake kubwa ni kuwaonyesha mahali ambapo mazoea ya kusema huficha utata.

Tuseme chuo kikuu kimoja wilayani Rusizi kinawapokea wanafunzi wapya wa kujitolea katika kituo cha kuwasaidia wenzao waliofiwa, waliokosa ada au wageni wa masomo. Mratibu anawaambia:

(1) Karibuni kituoni. Wanafunzi wakija na shida nzito, msihangaike, tutawasaidia.

Je, nani watakaosaidiwa? Anayedhani kuwa -wa- ni “wao” atamwelekeza mwenye shida ofisini, kisha aende zake. Anayedhani kuwa -wa- ni “ninyi” ataketi naye, akijua kwamba msaada u karibu. Mwanafunzi aliyefiwa jana ataachwa peke yake au hataachwa, kwa sababu ya kiambishi kimoja.

2. Chanzo cha utata

Katika umoja, viambishi vya mtendwa hutofautiana: nitakusaidia (wewe), nitamsaidia (yeye). Katika wingi, nafsi ya pili na ya tatu hushirikiana -wa-: nitawasaidia (ninyi au wao). Msemaji wa Kinyarwanda huenda asiugundue utata huu, kwa kuwa -ba- ya lugha yake hubeba nafsi hizo hizo mbili: tuzabafasha huweza kuelekezwa kwa “ninyi” au “wao”. Aliyezoea jambo katika lugha ya kwanza halioni kuwa tatizo katika lugha ya pili.

3. Njia za kuondoa utata

(a) Kutaja nafsi au nomino: Tutawasaidia ninyi, Tutawasaidia wanafunzi hao.

(b) Kuongeza tamati -ni: Tutawasaidieni, au Tutakusaidieni. Hapa mtendwa ni “ninyi” peke yake. Kitenzi kinachoishia kwa -a hubadili irabu hiyo kuwa -e kabla ya -ni: tunawaomba, tunawaombeni. Vitenzi vya mkopo vinavyoishia kwa irabu nyingine hubaki na irabu yake: tunawashukuru, tunawashukuruni.

Mratibu wetu, basi, angesema:

(2) Wanafunzi wakija na shida nzito, kaeni nao, sisi tutawasaidieni.

4. Tahadhari: -ni ya amri

Linganisha:

(3) Wasaidieni.
(4) Tutawasaidieni.

Katika (3), -ni huonyesha kwamba wanaoamriwa ni wengi, na -wa- ni “wao”. Katika (4), -ni humfafanua mtendwa, na -wa- ni “ninyi”. Umbo ni moja, kazi ni mbili. Mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba “-ni ni wingi” akaishia hapo. Awaulize kila mara: ni wingi wa nani, mtenda au mtendwa?

5. Wingi na heshima

Katika Kinyarwanda, mtu mmoja anayeheshimiwa huamkiwa kwa wingi: mwaramutse. Kutokana na mazoea hayo, wengine humwambia mhadhiri mmoja “karibuni”. Katika Kiswahili sanifu, karibuni ni kwa watu wawili au zaidi. Heshima kwa mtu mmoja huonyeshwa kwa njia nyingine: kwa kutaja cheo au umri wake (karibu, mzee), au kwa kuacha amri kavu na kutumia dhamiri tegemezi (tafadhali uketi, badala ya keti). Kwa mtu aliyeingia kituoni akiwa na huzuni, tofauti hii ya mwisho si ndogo. Hata hivyo, mwanafunzi anayesema “karibuni” kwa mtu mmoja asichekwe. Ana adabu, na kinachohitajika ni kumwonyesha umbo linalofaa.

Zoezi

1. Eleza maana mbili za sentensi: Tutawapigia simu kesho. Iandike upya mara mbili, kila mara ikiwa na maana moja tu.
2. Taja kazi ya -ni katika: (a) Wapokeeni wageni. (b) Tutawapokeeni mlangoni.
3. Andika hotuba ya sentensi sita ya kuwakaribisha wanafunzi wa kujitolea. Itaje kazi yao na watu watakaowahudumia. Kisha mpe mwenzako aisome na apigie mstari kila -wa- inayomtia shaka. Isahihishe mpaka asibakiwe na cha kupigia mstari.